Meneja wa Mazulia

Duka lile kubwa la nguo na vifaa vya nyumbani lilikuwa na mameneja wanne, na hakuna hata mmoja aliyehusika na mazulia. Halikuuza zulia hata moja. Lakini kila siku, mara tano, mara nane, Jumamosi hata zaidi ya kumi, sauti ya kike ilitoka kwenye spika za dari ikisema kwa upole: "Meneja wa mazulia anaombwa afike idara ya viatu." Au ya manukato. Au ya nguo za watoto. Wateja hawakujali. Mlinzi alijua kwamba anayeitwa ni yeye, na kwamba katika idara iliyotajwa kuna mtu mweusi wa kufuatwa.

Sauti hiyo ilikuwa ya keshia wa kaunta ya pili, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naye mweusi, aliyekuwa na miezi kumi na moja kazini. Maikrofoni iliwekwa kwenye kaunta yake kwa sababu, alivyosema msimamizi wake, alikuwa na sauti ya kutuliza watu. Siku ya kwanza msimamizi, mwanamke mweupe mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimweleza maana ya tangazo haraka haraka, macho pembeni, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Keshia alisema sawa. Nyumbani kulikuwa na mume anayeendesha gari la mikate siku tatu kwa wiki, siku nyingine hakuna kazi, na mama mkwe aliyebakiza mwezi mmoja astaafu. Mshahara wa uhakika ulikuwa wa keshia.

Jumamosi moja, saa sita kasoro, foleni imefika hadi kwenye rafu za taulo, msimamizi alipita nyuma yake akanong'ona neno moja: matandiko. Keshia hakugeuka. Alibonyeza kitufe, akasema maneno yake, akaendelea kupitisha bidhaa za mteja. Nusu saa baadaye aliinua macho kumrudishia mtu chenji, akamwona mlinzi akimwongoza mwanamke mnene wa kilemba cha kijani kuelekea mlango mdogo kando ya lifti. Kilemba kile alikijua. Alikuwa amekianua mwenyewe kwenye kamba asubuhi ile.

Mikono yake haikusimama. Mteja aliomba mfuko, akampa. Aliyefuata aliuliza kama soksi zinabadilishwa, akamjibu. Siku nyingi baadaye alijiuliza kwa nini hakuinuka, na hakupata jibu jingine isipokuwa kwamba foleni ilikuwa ndefu.

*

Mama mkwe wake alifahamika mtaa mzima kama Mama Pasi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepiga pasi mashuka ya hospitali, na wenzake wa chumba cha kufulia walikuwa wamemchangia pesa ya kumuaga, wakamwambia anunue anachokitaka. Alitaka shuka mbili nzuri, mpya, ambazo hakuna mgonjwa aliyewahi kuzilalia.

Kwa hiyo hakuwa na haraka. Aliipekecha ncha ya kitambaa kwa vidole viwili, akakisogeza kwenye mwanga kuona ufumaji, akahesabu mishono ya upindo. Muuzaji wa idara ile alimwendea msimamizi akamwambia kuna mwanamke anashikashika vitu. Punde Mama Pasi akaona kijana mweusi wa sare amesimama hatua mbili nyuma yake, akisogea kila aliposogea. Alidhani wamemletea msaidizi. Alimkabidhi pakiti moja amshikie, akamwomba aishike upande wa pili ili alinganishe weupe wake na nyingine. Mlinzi aliishika. Alisimama pale na shuka mikononi, hajui aangalie wapi, huku yule mama akimfundisha namna ya kutambua pamba halisi.

Alilipia kaunta ya tano, akapewa risiti. Mlangoni kijana yule yule akamwambia, "Mama, naomba unifuate."

Chumba kilikuwa na meza, kiti kimoja na katoni za vibanio vya nguo. Msimamizi alikuwa anawasubiri. Mkoba uliwekwa mezani, vitu vikatolewa kimoja kimoja: viatu vya kazini vilivyolika visigino, kopo la mafuta ya mikono, vidonge vya presha, nusu mkate katika karatasi. Msimamizi aliugeuza mkate kwa ncha ya peni. Kisha akamwambia avue kilemba.

Mama Pasi alimtazama. Akamwuliza taratibu, "Shuka mbili zinaenea humu kichwani?"

Msimamizi alisema huo ndio utaratibu. Mama Pasi alimtazama mlinzi, na mlinzi akatazama ukuta. Akafungua fundo. Nywele zake za mbele zilikuwa zimekwisha, mvuke wa miaka mingi ulikuwa umezila, na kipande cha utosi kilichobaki wazi kilikuwa hakijaonwa na mtu isipokuwa marehemu mumewe na mkwewe aliyemsuka. Msimamizi aliinama akaangalia, akainuka, akasema anaweza kwenda. Hakuna aliyesema samahani.

Alijifunga kilemba bila kioo, kikakaa upande. Alipotoka hakupita karibu na kaunta ya pili, wala hakugeuza shingo. Hakutaka mtu ajue kwamba keshia yule ni wa kwake.

*

Jioni alimweleza mwanawe na mkwewe mezani, kwa mpangilio, kama anayetoa ripoti. Alipofika kwenye kilemba sauti ilimpungukia kidogo, akanywa maji, akaendelea. Mwanawe alinyanyuka akachukua funguo za gari. Alisema atakwenda kuwaonyesha. Mama Pasi alimwambia akae chini, kwa sababu wakimpata yeye kwenye lile duka akiwa na hasira ndipo watakapopata mwizi waliyekuwa wakimtafuta.

Kisha akamgeukia mkwewe. "Nilipita mbali na kaunta yako, mwanangu. Sikutaka wakuunganishe na mimi, wakakuharibia kazi."

Keshia alikwenda bafuni, akafungua bomba, akaliacha likimwagika.

Usingizi ulimpaa. Asubuhi ya Jumapili alimkuta mama mkwe sebuleni akipiga pasi sare yake ya kazi, ile ya bluu, kama alivyofanya kila Jumapili tangu aajiriwe. Hakuna aliyewahi kumwomba. Alisema tu kwamba hawezi kuvumilia kuona kola iliyopigwa pasi na mtu asiyejua. Keshia alisimama upande wa pili wa meza akaeleza habari ya meneja wa mazulia tangu mwanzo. Mwishoni akasema, "Mama, sauti iliyomwita yule mlinzi ilikuwa yangu."

Mama Pasi aliisimamisha pasi wima mezani.

"Ulijua ni mimi?"

"Hapana."

"Na kama ungejua?"

Keshia alitaka kusema asingefanya. Alikumbuka foleni, na mikono yake iliyoendelea kuhesabu chenji. "Sijui, Mama," alisema.

Mama Pasi alimaliza mkono wa sare uliobaki, akaining'iniza, akaingia chumbani kwake. Kwa siku kadhaa zilizofuata alizungumza na mkwewe mambo ya maji na ya funguo tu. Nywele alijisuka mwenyewe, vibaya.

*

Jumatano Mama Pasi aliomba ruhusa hospitalini, akaenda kwa meneja mkuu wa duka. Alivaa gauni lake la maziko, ambalo ndilo lililokuwa bora. Meneja alimpokea vizuri kupita kiasi. Alimpa kiti, chai, kadi ya zawadi ya duka na seti ya taulo zilizofungwa kwa utepe. Alisema ukaguzi hufanywa kwa bahati nasibu, na bahati haina macho.

Mama Pasi alisema hakufuata taulo. Alitaka barua yenye saini isemayo kwamba alivuliwa kilemba bila kosa. Meneja alieleza kwamba barua za namna hiyo zina mambo ya kisheria. Mama Pasi akamwuliza kama bahati yake iliwahi hata siku moja kumwangukia mama wa kizungu. Meneja alitazama saa.

Neno la kumfunga mdomo Mama Pasi alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Angetaja mazulia tu, na yule mtu angeacha kutabasamu. Lakini angeulizwa ameyajuaje, na mkwewe angetolewa kazini siku hiyo hiyo. Alilimeza neno, akaiacha kadi na taulo juu ya meza, akatoka.

Alimsimulia mwanawe jikoni, na keshia alisikia akiwa mlangoni na ndoo mkononi. Mumewe alikuwa akimsihi mama yake aliache jambo hilo. Alisema, "Wewe unastaafu, mimi kibarua. Yeye akimwaga unga, tutakula barua?"

"Sijamwomba kitu," Mama Pasi alijibu. "Wala wewe usimwombe."

Keshia aliweka ndoo chini. Kesho yake kazini alichana kipande cha karatasi ya risiti, akaandika saa, idara, na mtu aliyefuatwa alivyokuwa. Aliandika hivyo siku kumi na mbili za kazi. Matangazo yalifika themanini na moja. Katika hayo, sabini na tisa yaliwahusu weusi: wauguzi wenye beji shingoni, mwanamume na mke wake mjamzito, mhandisi wa barabara aliyenunua mashati sita kwa mpigo. Mawili yaliyobaki yaliwahusu walevi wa kizungu. Kila alipobonyeza kitufe alijiona mchafu, na kila alipoandika uchafu haukutoka, ila aliendelea.

Alizipeleka karatasi kwenye ofisi ya malalamiko ya haki za watu, ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti. Afisa wa pale, mwanamke mweupe mwenye mafua, alizisoma zote bila kuruka hata moja. Akamwambia ni kazi nzuri, lakini ni mwandiko wake peke yake, duka litakana. Anahitaji mtu mwingine. Keshia alirudi akawauliza makeshia wenzake wawili aliowaamini. Mmoja alisema ana watoto. Mwingine alisema hajawahi kusikia tangazo lolote, na alilisema hilo huku spika ikiwa juu ya kichwa chake.

*

Jumamosi ya tatu msimamizi alipita nyuma yake akanong'ona: viatu.

Safari hii keshia aligeuka akatazama. Idara ya viatu ilikuwa mbele yake moja kwa moja. Mzee mweusi wa suti ya kijivu alikuwa ameketi kwenye kibenchi, mguu mmoja umeingia kwenye kiatu kipya, mwingine uko ndani ya soksi, akijipima kwa kukanyaga zulia la duka taratibu, kisigino kisha vidole. Alikuwa peke yake. Kiatu chake cha zamani alikuwa amekipangusa vumbi akakiweka kando kwa adabu.

Keshia alibonyeza kitufe. Sauti ilitoka ile ile ya kutuliza watu.

"Mlinzi anaombwa afike idara ya viatu," alisema. "Kuna mteja mweusi. Hajaiba kitu, anajaribu kiatu. Tukimwita meneja wa mazulia, maana yake ndiyo hiyo. Nimelisoma tangazo hilo kwa karibu mwaka mzima. Naomba radhi kwa wote tuliowafuata."

Alikuwa amefika neno la mwisho msimamizi alipochomoa waya.

Duka lilitulia kiasi cha kusikia ngazi ya umeme ikizunguka. Mwanamke mmoja mweusi kwenye foleni ya kaunta ya nne aliweka kikapu chake sakafuni na kusimama akiwa ameshika kiuno. Msimamizi alikuwa mwekundu hadi shingoni. Alimwambia keshia atoke, sasa hivi, aache funguo. Keshia alikuwa amekwisha kuzitoa. Alifunga droo, akamwomba radhi mteja aliyekuwa katikati ya kuhudumiwa, akavua beji.

Yule mzee wa suti alimfikia kabla hajafika mlangoni, akichechemea, kiatu kimoja kipya na mguu mwingine soksi. Alisema yeye ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na kwamba kwa miaka mingi alidhani ni yeye tu anayejishuku kwamba anafuatwa. Mkewe alimwambia ana wasiwasi. Akaandika jina na namba yake ya simu, akauliza aende kusema wapi. Mwanamke mweupe aliyesukuma kigari cha mtoto naye akaandika namba yake nyuma ya risiti. Mlangoni, mlinzi alitakiwa kumkagua mkoba kama kila mfanyakazi anayetoka. Alimfungulia mlango.

*

Mama Pasi alikuwa amekaa uani akichambua mboga. Keshia alimweleza akiwa amesimama, beji bado ngumini. Alipomaliza alisubiri kuambiwa amefanya ujinga, maana njia nzima alikuwa amejiambia hivyo mwenyewe.

Mama mkwe alinawa mikono. Aliingia ndani akarudi na kitana na kopo la mafuta, akaketi kwenye ngazi ya chini, akafungua kilemba chake.

"Nisuke," alisema. "Huku nyuma nimejiharibu."

Mume wa keshia aliporudi aliwakuta hapo. Aliposikia kilichotokea aliuliza ni nani atakayelipa kodi ya nyumba. Mama Pasi alisema ameshaongea kwa simu na mkuu wa chumba cha kufulia. Watamwongezea miezi michache ya kibarua. Mwanawe alisema miguu ya mama yake imevimba tangu mwaka jana. Wote watatu walijua ni kweli. Usiku ule waligombana, na kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa nzito. Keshia alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye kantini ya kiwanda. Mama Pasi alirudi kila jioni na kuitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akikataa kuulizwa inaendeleaje.

Shauri lilichukua miezi saba. Duka lilileta mwanasheria aliyesema keshia alikuwa mfanyakazi mwenye kinyongo, na kwamba meneja wa mazulia ni mzaha wa wafanyakazi ulioeleweka vibaya. Siku ya kusikilizwa, mume wa keshia aliomba gari la mikate, akawapakia mkewe, mama yake na mwalimu wa hesabu, wote wakanukia hamira hadi ofisini. Alikuwa amesema atawashusha tu. Alipoona ngazi za ghorofa tatu, alimshika mama yake mkono, akapanda naye, akakaa mstari wa mbele.

Mwalimu alisema yake. Karatasi themanini na moja zilisomwa. Kisha akaitwa mlinzi, ambaye duka lilimleta kama shahidi wake. Afisa alimwuliza, aliposikia anaitwa meneja wa mazulia alikuwa akienda kufanya nini. Kijana aliitazama kofia yake iliyokuwa magotini. Mwanasheria alikohoa.

"Kufuata watu weusi," alijibu. Kisha akageuka upande waliokaa wanafamilia. "Mama huyu aliniomba nimshikie shuka. Nikamshikia, halafu nikamkamata."

Hakuulizwa swali lingine.

*

Uamuzi ulitolewa wiki tatu baadaye. Tangazo lilipigwa marufuku, na duka liwe na daftari la kila anayekaguliwa, lipelekwe ofisi ya malalamiko kila mwezi. Keshia arudishwe kazini na alipwe mishahara ya miezi yote aliyokaa nje. Mama Pasi apewe barua.

Barua meneja mkuu aliileta mwenyewe ofisini kwa afisa, imechapwa kwenye karatasi nene. Mama Pasi alivaa miwani akaisoma polepole mbele ya watu wote, kidole kikifuata mstari. Ilisema kwamba uongozi unasikitishwa na usumbufu uliojitokeza. Alirudi nyuma akaisoma tena.

"Usumbufu ni mvua kukunyeshea nguo," alisema.

Aliomba peni kwa afisa. Alikata neno usumbufu kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: kumvua kilemba na kumwita mwizi bila kosa. Akakata na uliojitokeza, akaandika: tulikomfanyia. Kisha akamsogezea meneja asaini upya, pembeni ya masahihisho.

Meneja alimtazama mwanasheria wake. Mwanasheria alikuwa anafunga mkoba. Meneja alisaini.

Walipokuwa wakishuka ngazi, mumewe alimwuliza keshia kama ni kweli atarudi kufanya kazi na watu wale, maana sasa ana mishahara mkononi na angeweza kutafuta pengine.

"Jumatatu," keshia alisema. "Kazi ni yangu. Sikuiacha, nilifukuzwa."

Mama Pasi alikuwa ametangulia hatua chache, mkono mmoja kwenye reli, barua mkononi bila bahasha. Bila kugeuka aliuliza kama Jumatatu hiyo ni zamu ya asubuhi. Aliambiwa ndiyo. Akasema basi wataongozana. Ana haja ya sufuria yenye kitako kizito, na atachukua muda wake wote kuichagua.